Kifua Kikuu Kilichokaa Shingoni

Kama umepapasa shingo yako ukakuta kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo, au kama umeambiwa jina la ugonjwa ambalo halifanani kabisa na unavyojisikia, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mtu wa hospitali. Ni fundi cherehani wa Kiabakari, nina kibanda changu kando ya barabara iendayo Musoma. Niliugua, nikatibiwa, nikapona. Nitakueleza ilivyokuwa, hasa habari ya majina, maana kuna wakati majina ya ugonjwa yalitusumbua kuliko ugonjwa wenyewe.

Kivimbe nilikigundua kwa sababu ya kola. Ilikuwa mwishoni mwa masika, nimeshona gauni la mteja ambaye mwili wake na wangu ni mmoja, nikalivaa mwenyewe mbele ya kioo kuona linavyokaa. Kola ikakataa kulala upande wa kulia. Nikadhani nimekosea kukata. Nikaifumua, nikaishona upya, bado ikanyanyuka. Ndipo nikapeleka mkono shingoni. Chini ya taya kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya njugu mawe. Hakikuuma. Nilipokibonyeza kilisogea kidogo, kisha kikarudi mahali pake.

Jioni nikamwonyesha mume wangu, Magesa.

"Huo ni mtoki tu," akasema. "Utakuwa umejichoma na sindano mahali."

Kwetu mtoki ni uvimbe unaokuja na kidonda na kuondoka nacho. Nikatafuta kidonda mwilini mwangu, sikukiona, lakini nikakubali, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka iwe.

Watu walipoanza kuvuna pamba, ile punje ilikuwa imefikia yai la njiwa, na chini yake zimejitokeza nyingine mbili. Nikawa naamka shuka limelowa jasho. Chakula kikawa hakipandi. Nguo zangu zikaanza kunipwaya, nami nikazipunguza ubavuni kwa cherehani yangu mwenyewe, nikavaa, nikaendelea na kazi. Baada ya muda mfupi nikazipunguza tena. Shingoni nilifunga mtandio, jua liwake lisiwake.

Aliyeuvua huo mtandio ni mama mkwe wangu. Yeye anakaa Butiama, ana ng'ombe wake na migomba yake, na si mtu wa kuzunguka maneno. Tulikutana kanisani kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu, akaniita pembeni.

"Mama Neema, mbona unajifunika na joto hili?"

"Nimezoea tu, mama."

Akaufungua kwa mkono wake. Akagusa kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nakusubiri hospitali. Usipokuja nakufuata Kiabakari."

Hospitali ya Butiama walinipima, wakanipa dawa za kumeza, na vivimbe vilipokataa kupungua wakaniandikia kwenda Musoma. Huko nikaanza maisha mapya, maisha ya mabenchi. Mtu asiyeugua hajui benchi la hospitali ni mahali pa namna gani. Unajifunza kukaa pale upepo wa ziwa unapopenyeza. Unajifunza nani amekuja peke yake na anahitaji mtu wa kumshikia nafasi akienda chooni. Unasikiliza magonjwa ya watu hadi unayaota.

Wakanipima makohozi, damu na picha ya kifua. Siku ya majibu Magesa alikuwa nami. Tabibu akasoma upesi upesi: makohozi negativu, virusi vya Ukimwi negativu, picha ya kifua safi. Magesa akatoka nje kumpigia simu kaka yake, Mugeta, anayelima pamba Bunda.

"Majibu yametoka," nikamsikia akisema. "Yote negativu."

Kesho yake asubuhi Mugeta akafika nyumbani na wake zake na kuku wawili, nyuso zimeanguka. Wale wanawake wakaanza kufagia uwanja kama watu waliokuja msibani. Mugeta akamshika ndugu yake mkono, akamwambia ajikaze, watoto watalelewa. Ilichukua muda kuelewana. Yeye aliposikia negativu alijua mambo yameharibika. Magesa akamweleza kwamba hospitalini negativu maana yake walichokitafuta hawakukikuta.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa jikoni kwangu akichambua mboga, akauliza, "Sasa kitu kizuri kwa nini wanakiita kwa jina baya?"

Wale kuku tuliwala, na ile ndiyo siku ya kwanza baada ya muda mrefu nilikula nikashiba kidogo, kwa kucheka.

Lakini vivimbe vilikuwa palepale. Niliporudi Musoma daktari akaniambia, "Tutakata kinyama kidogo kwenye hiyo tezi tukipeleke Mwanza kikapimwe. Inaitwa biopsi."

Nikarudi benchini kusubiri kuitwa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwuza samaki wa Murangi, mtu mzima, ana kanga mpya na mikono ya kazi. Tulikuwa tumeshasalimiana. Akaniuliza nimeambiwaje, nikamwambia.

"Biopsi," akasema polepole. "Hata mimi nilianzia hapo. Ya kwangu ilikuwa ya ziwa, hapa kifuani. Majibu yakaja nikaambiwa saratani. Mwanangu, lile jina nililiona zuri, kama la binti. Nikafika nyumbani nikamwambia mkwe wangu nina saratani, akakaa chini akalia. Ndiyo nikajua kumbe ni kansa."

Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa ameketi upande wa pili, akageuka. "Samahani, mama. Saratani ni neno la Kiarabu. Maana yake kaa, yule wa majini mwenye miguu mingi. Na hiyo kansa ya Wazungu nayo ni kaa vilevile. Wanasema watu wa zamani waliuona uvimbe umetandaza mishipa pembeni, wakaona kama miguu ya kaa."

Mimi nilisisimka mwili. Yule mama hakusisimka. Akafikiri, akasema, "Kaa namjua. Anakujaga kwenye nyavu zetu. Amejibana hasa, ukimvuta hivi anachana wavu. Unamtoa mguu mmoja mmoja." Akajifunga kanga vizuri. "Basi wamtoe. Wiki ijayo nakwenda Mwanza kukatwa."

Niliitwa, nikaingia. Sindano ya ganzi iliuma, kukatwa hakukuuma. Nilitoka na bandeji shingoni, na yule mama alikuwa ameshaondoka.

Wiki za kusubiri majibu ndizo mbaya kuliko zote. Pamba ilikuwa inauzwa, barabarani malori yanapita yamejaa, na mimi kila nikikaa kwenye cherehani naona miguu midogo inatambaa ndani ya shingo yangu. Neno biopsi lilikuwa limeshafika kwa majirani na limegeuka kansa njiani. Magesa aliacha kuzungumza wakati wa kula. Neema, binti yetu, akawa akitoka shule anakuja kibandani moja kwa moja, anakaa karibu nami hadi nifunge.

Majibu yaliporudi, daktari alikuwa mwingine, mtu wa makamo, mpole, akanivutia kiti kabla ya kuzungumza.

"Mama, si kansa," akasema. "Ni TB. Kifua kikuu cha tezi. Kinatibika na kupona kabisa."

Nililia. Nilivyotoka nje nikamkumbatia Magesa mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipofika nyumbani tukaanza kuwaeleza watu.

"Kifua kikuu?" mama mkwe akasema. "Wewe hukohoi."

"Ni cha tezi, mama. Kiko shingoni."

"Kifua kiko shingoni?" Akamtazama Magesa. "Si mlituambia kifua chake wamekipiga picha, safi? Si makohozi yalikuwa negativu? Mmebadilishiwa majibu nyie. Mmepewa ya mtu mwingine."

Na mimi, nikuambie kweli, niliona ana hoja. Nilianza dawa kwa sababu daktari alikuwa amesema, lakini kila asubuhi nilipomeza vile vidonge nilikuwa najiuliza namtibu nani. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Walikuwa wameniambia utakuwa hivyo, ila kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Hata machozi yalipaka leso rangi. Tumbo lilichafuka, magoti yakauma kama ya bibi kizee.

Halafu jina likatoka nje. Kifua kikuu kila mtu anakijua: ni kukohoa, kukonda, kutengewa kikombe. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Walikuja kwa heshima, mmoja akasema safari imetokea, mwingine akasema sherehe imeahirishwa. Walisimama mlangoni, wakanyoosha mkono kutokea huko huko. Mwalimu wa kwaya yetu peke yake, mama Rebeka, aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akanipa kazi ya sare za wanakwaya wote.

"Hujasikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Utazimaliza kabla ya Krismasi?"

Nilimwambia nitazimaliza. Sijui kama anajua alichonifanyia siku ile.

Mvua za vuli zilipoanza, kile kivimbe kikubwa kikaumuka badala ya kupungua. Ngozi juu yake ikawa nyekundu na nyembamba, kisha ikapasuka ikatoa usaha mzito kama jibini. Nyumba nzima ikaogopa. Mugeta akaja kutoka Bunda, safari hii bila kuku.

"Shemeji, dawa hizo si zako," akasema. "Nimekuwa nikisema. Kule kwetu kuna mzee anapasuaga matezi kama haya, anayatoa na mizizi yake. Wengi wamepona. Twende Jumamosi."

Magesa alikuwa amekaa mikono kichwani. Alikuwa amechoka, nilimwona. Alisema, "Labda twende. Hawa wa hospitali wametuambia negativu, wakatuambia safi, wakatuambia kifua. Sasa shingo imepasuka."

Nilikuwa nimeshakunja nguo kwa ajili ya kwenda Bunda. Aliyetuzuia ni mama mkwe, mtu ambaye hakuwahi kuiamini TB hata siku moja.

"Hakuna kukata mtu kabla sijamwuliza huyo daktari," akasema. "Nataka anieleze mwenyewe. Akishindwa, mtakwenda huko kwa mzee wenu."

Ijumaa tukaenda Musoma sote watatu. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani. Tulipoingia hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Shikamoo ya wazazi wako huko waliko," akamwambia daktari, kwa kuwa mama ndiye mkubwa kwake, hawezi kumwamkia. "Mwanangu, mimi sikusoma. Umemwita huyu mgonjwa wa kifua, na kifua chake mlisema hakina kitu. Ugonjwa uko hapa." Akanigusa shingo. "Nimekuja unieleze kifua kimefikaje huku."

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari hakukasirika. Akavuta kiti chake karibu, akamsihi mama akae, naye akakaa.

"Mama, shikamoo," akasema. "Swali lako ni zuri, na nilipaswa kulijibu mapema. Mimi nilisoma seminari, Kilatini tulifundishwa kwa fimbo, ngoja leo kinisaidie. TB ni kifupi cha jina refu. Ndani ya jina hilo kuna neno la Kilatini, tuberkulum. Unajua maana yake?"

"Nitajulia wapi?"

"Kivimbe kidogo. Linatokana na neno la kitu kilichovimba, nundu. Hata kiazi kinachovimba chini ya udongo wanakiita kwa neno hilohilo. Madaktari wa zamani walipofungua miili ya waliokufa kwa ugonjwa huu, walikuta vivimbe vidogo. Kwenye mapafu, ndiyo, lakini hata kwenye mifupa, kwenye tezi, tumboni. Wakauita ugonjwa kwa vile vivimbe. Jina lao halina kifua ndani yake."

Mama akamtazama bila kupepesa macho. "Na kifua kimetoka wapi?"

"Kwetu. Wazee wetu waliona mtu anakohoa, anatema damu, anakonda mpaka anakwisha. Wakasema kifua hiki si cha kawaida, ni kikuu. Waliuita kwa pale walipouona mara nyingi. Hawakukosea, ila jina likawa dogo kuliko ugonjwa."

Nje tulisikia muuguzi akiita majina.

"Kwa hiyo huyu mke wa mwanangu," mama mkwe akasema, "ana ugonjwa wa vivimbe."

"Ndiyo, mama."

"Vivimbe vyenyewe ndiyo hivi navyoviona kwa macho yangu."

"Ndivyo hivyo."

"Mngesema hivyo tangu mwanzo."

"Kweli, mama," daktari akasema. "Tungesema hivyo."

Kisha Magesa akauliza kwa nini basi kivimbe kimepasuka wakati nameza dawa. Daktari akaeleza kwamba dawa zikianza kuua vijidudu, mwili uliokuwa umezidiwa huamka na kupambana, na tezi inaweza kuvimba zaidi au hata kupasuka kabla ya kunywea. Si dalili kwamba dawa imeshindwa. Akasema pia tusithubutu kuipasua nyumbani, kidonda cha namna hii kikikatwa ovyo kinaweza kukaa miezi bila kufunga. Na akasema jambo ambalo nilitamani Kiabakari yote ingelisikia: TB iliyoko kwenye tezi peke yake, mapafu yakiwa safi, haiambukizwi kwa kukohoa wala kwa kikombe.

Jumamosi mama mkwe alipanda gari la Bunda peke yake. Sijui walizungumza nini na Mugeta, ila habari ya yule mzee haikutajwa tena. Jumapili, ibada ilipokwisha, akasimama nje ya kanisa na wanawake wa Butiama, nikamsikia akieleza kwa Kizanaki, mikono ikionyesha ukubwa wa kitu kama kiazi kidogo. Wale wanawake wakawa wanaitikia kwa vichwa. Sijawahi kusikia ugonjwa wangu ukielezwa vizuri namna ile.

Tangu siku hiyo nilimeza dawa kwa moyo mmoja. Tezi haikupona kesho yake, usidhani. Kidonda kilitoa maji hadi vuli ikakolea, Neema akajifunza kukiosha kwa maji ya chumvi na kubadilisha bandeji, na alikuwa na mkono mwepesi kuliko muuguzi. Nilichoka na vidonge hadi harufu ya kopo ilikuwa inanitapisha. Nilipomlalamikia daktari akaniambia, kwa kuwa sasa alishajua tunapenda mambo hayo, kwamba dozi ni neno la Wagiriki, na maana yake ni kitu ulichopewa. Nilimwambia mimi nimepewa vya kutosha. Akacheka, akanipa vingine.

Kabla ya Krismasi nikaanza kusikia njaa, njaa ya kweli, ya kuamka unatamani ugali wa mtama na sato. Sare za kwaya nilizimaliza, na wanakwaya wakaja kibandani kujipima, wakiingia mpaka ndani. Baada yao wakaanza kurudi wale wa mlangoni. Sikumwuliza mtu chochote. Kitambaa nilipokea, kipimo nilichukua. Nguo zangu nikazifumua ubavuni, kwanza mshono mmoja, kisha wa pili.

Yule mama wa Murangi nilikutana naye tena Januari, kwenye benchi lilelile. Amekatwa, anaendelea na matibabu, nywele zimenyonyoka, kichwa amekifunga kilemba. Nikamwuliza hali.

"Wamemtoa," akasema. "Wanasema wanaangalia kama ameacha mguu."

Tukashikana mikono, hatukuachana hadi jina lake lilipoitwa. Na bado naongea naye kwa simu. Ameshaanza kuuza dagaa, siku ambazo mwili unamruhusu.

Mimi dozi yangu iliisha kabla masika mengine hayajaanza. Siku ya mwisho tulikwenda sote tena, Magesa, mama mkwe, na safari hii Neema akaombewa ruhusa shuleni. Daktari akanipapasa shingo pande zote mbili, taratibu, chini ya taya, nyuma ya masikio, juu ya mfupa wa bega. Kovu lipo, lina umbo la jani, halitaondoka. Chini yake hapakuwa na kitu. Akanipima uzito, akaangalia, akaandika.

"Haya," akasema. "Umepona."

Sote tukabaki tumekaa, kama watu waliozoea kwamba daima kuna kitu kingine kitafuata. Mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Na hilo kwa Kilatini ni nini?"

Daktari akafikiri, kalamu mkononi, akajaribu neno moja, akatikisa kichwa, akajaribu jingine. Mwishowe akaweka kalamu mezani.

"Kimenitoka, mama," akasema. "Kwa Kiswahili, mkwe wako amepona."

"Hilo nimelielewa," akasema mama mkwe, akasimama, akaanza kutafuta kandambili zake chini ya kiti.